Zimwi Jeupe ambalo mshairi alisema ni jeusi

Tazama pango kwanza. Katika picha nyingi za tukio hili pango ni doa jeusi tu katikati ya ukurasa, kama wino uliomwagikia mlima wa rangi ya waridi na zambarau. Ndani ya weusi huo miili miwili imekabana. Mmoja ni wa mtu mwenye ndevu, amevaa koti la ngozi yenye milia na kofia ya chuma iliyofunikwa kwa kichwa cha chui. Wa pili ni mkubwa kuliko yeye, mweupe pe, una pembe, mkia, bangili za dhahabu mikononi na kikoi kiunoni. Mguu wake mmoja umeshakatwa na damu inachuruzika. Mwenye ndevu amezamisha jambia kifuani mwake. Nje ya pango kuna mtu aliyefungwa kamba kwenye mti, na farasi wa rangi ya machungwa anasubiri.

Mwenye ndevu ni Rostam, shujaa mkuu wa Waajemi. Mweupe ni Div-e Sepid, yaani Zimwi Jeupe. Kisa kimo katika Shahnameh, Kitabu cha Wafalme, utenzi wa beti kama 50,000 ambao Ferdowsi, mtu wa mji wa Tus huko Khorasan, aliukamilisha mwaka 1010. Kwa karne saba hivi wachoraji wa Iran na nchi jirani wamelichora pigano hili tena na tena, mpaka Mwirani akiona doa jeusi na mwili mweupe ndani yake hahitaji kusoma maandishi.

Lakini ukiyasoma, unakwama. Beti inayolieleza zimwi hili inasema, kwa tafsiri yangu: uso wake rangi ya shabah, nywele zake kama maziwa, dunia imejaa upana wake na kimo chake. Shabah ni jiwe jeusi la kung'aa, la kutengenezea shanga. (Neno walilotumia kwa rangi ni rang, lilelile letu, sisi tumelipata kwao.) Kwa hiyo mshairi anasema zimwi hilo ni jeusi tii, na weupe uko kwenye nywele tu. Mchoraji amelipaka weupe mwili mzima. Hakusoma? Alisoma lakini hakujali? Au picha hizi zina kazi nyingine kuliko kuonyesha yale yaliyoandikwa?

Nitaanza na kisa chenyewe, maana bila hicho picha haina kichwa wala miguu.

Mfalme Kay Kavus alikuwa mtu wa kupenda sifa. Siku moja zimwi lililojigeuza mwimbaji likaja barazani kwake na kumwimbia uzuri wa Mazandaran, nchi ya mazimwi: bustani zisizokauka, hewa isiyo joto wala baridi, vijito na waridi. Mfalme akapagawa. Wazee wakamkanya, akaziba masikio, akaondoka na jeshi. Kule Zimwi Jeupe likawashushia wingu la giza na mvua ya mawe, na mfalme na sehemu kubwa ya askari wake wakapofuka. Habari zikamfikia Zal, baba yake Rostam, naye akamtuma mwanawe. Njia zilikuwa mbili: moja ndefu na salama, nyingine fupi yenye hatari saba. Rostam akachagua ile fupi.

Hatari hizo saba huitwa Haft Khan, na nyingine zinachekesha. Katika ya kwanza shujaa wetu amelala fofofo, farasi wake Rakhsh ndiye anayepigana na simba na kumuua. Rostam anaamka, anamwona simba amelala mfu, na badala ya kushukuru anamgombeza farasi: ungekufa wewe, nani angenibebea silaha zangu hadi Mazandaran? Baadaye kuna kiu ya jangwani, joka, mchawi aliyejifanya msichana mzuri, kisha mtu mmoja aitwaye Olad ambaye Rostam anamteka na kumfanya kiongozi wa njia. Huyo ndiye aliyefungwa kwenye mti pichani. La sita ni kumuua Arzhang, jemadari wa mazimwi. La saba ni pango.

Na kuhusu pango, Olad alitoa shauri moja zito: ngoja jua liwe kali. Mazimwi hulala mchana. Rostam akangoja, akawamaliza walinzi, akaingia. Mle ndani hakuona kitu. Ilimbidi afikiche macho mpaka giza likaanza kuwa na umbo, na umbo hilo likawa kama mlima. Hapo ndipo beti ya shabah na maziwa inapokuja. Waganga walikuwa wamesema dawa ya upofu wa mfalme ni damu ya zimwi hilohilo. Kwa hiyo Rostam hakufuata ushindi tu, alifuata dawa. Alilipasua, akalitoa ini, na damu ikatiwa machoni mwa Kay Kavus, akaona tena.

Sasa turudi kwenye rangi. Jibu la kwanza ni jepesi: mchoraji alifuata jina. Mtu akishaitwa Zimwi Jeupe, mteja anayelipia kitabu anataka kuona zimwi jeupe. Jina linajulikana na watu wote, hata wasiojua kusoma; beti inayosema uso ni mweusi inajulikana na wachache. Kuna jambo jingine la lugha linalonifurahisha. Neno la Kiajemi shir ni maziwa, na ni simba pia. Masikio yanaweza kusikia nywele nyeupe kama maziwa, au manyoya kama ya simba. Ukiondoa weupe kwenye nywele, hakuna kitu cheupe kilichobaki kwenye zimwi hilo ila jina lenyewe. Na Waajemi walikuwa na weupe mwingine wa kufikiria: theluji ya milima ya kaskazini, juu ya Mazandaran ya leo kando ya Bahari ya Kaspi. Mshairi Mohammad-Taqi Bahar, katika karne ya 20, aliuita mlima Damavand zimwi jeupe lililofungwa miguu. Wataalamu hawakubaliani kama Mazandaran ya Ferdowsi ndiyo hii ya kwenye ramani, lakini wasomaji wa kawaida hawakungoja wakubaliane.

Jibu la pili liko machoni. Pango ni jeusi. Zimwi jeusi ndani ya pango jeusi lisingeonekana. Mshairi anaweza kutuambia kuna weusi ndani ya weusi na tukaogopa zaidi kwa sababu hatuoni. Mchoraji hana nafasi hiyo. Ameugawa weusi wa beti na kuupa pango, kisha weupe wa jina akaupa mwili. Mimi naona hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo.

Ili kuelewa alivyoweza kufanya hivyo, jua kwamba picha ndogo ya Kiajemi haina kivuli. Mwanga umeenea sawasawa kila mahali, kama adhuhuri isiyokwisha, na hata tukio la usiku huonyeshwa mchana kweupe ukiwa na mwezi, nyota na mishumaa tu ya kukukumbusha kwamba ni usiku. Giza likitakiwa ni lazima lipakwe kama kitu, kama vile jiwe au nguo linavyopakwa. Pango la Zimwi Jeupe ni mojawapo ya mahali pachache ambapo giza limepewa umbo lake lenyewe. Na kwa bahati kisa kinataka adhuhuri hasa! Nje jua kali, mbingu ya dhahabu, maua kila mahali. Ndani, usiku uliokatwa kwa mkasi.

Jambo la pili ni kwamba hakuna mbali na karibu kama tulivyozoea kwenye picha za kamera. Kilicho mbali kimewekwa juu, kilicho karibu kimewekwa chini, na mstari wa upeo wa macho umepandishwa hadi karibu na ukingo wa ukurasa, ili mlima utandazwe mbele yako kama zulia. Ndiyo maana unaweza kuona ndani ya pango, nyuma ya jabali na juu ya mti kwa wakati mmoja. Wakati nao umetandazwa. Olad amefungwa (hilo lilitangulia), mguu umekatwa (dakika chache zilizopita), jambia linaingia (sasa hivi). Picha moja imebeba sura nzima ya utenzi, na msomaji anayekijua kisa anaipitia kwa jicho kama anavyopitia mishororo.

Na mishororo yenyewe iko palepale. Hizi picha si za kutundika ukutani. Ni kurasa za kitabu. Mwandishi wa hati, ambaye kwa heshima alimzidi mchoraji, ndiye aliyeanza. Aliandika beti kwenye safu, mara nyingi nne au sita, akaacha nafasi tupu ya picha. Mchoraji akaletewa ukurasa wenye tundu. Mara nyingine alibanwa na nafasi hiyo, mara nyingine alitoboa fremu na kuupeleka mti au bendera kwenye ukingo mtupu, na ukiitazama picha kama hiyo unahisi kisa kimekataa kukaa ndani ya boksi.

Kazi yenyewe ilihitaji subira ya ajabu. Karatasi ilipakwa wanga na kusuguliwa kwa jiwe laini mpaka ing'ae. Mchoro wa awali ulifanywa kwa mstari mwembamba, au ulinakiliwa kutoka kwenye kiolezo cha ngozi nyembamba ya paa iliyotobolewa vitundu kandokando ya mistari, kisha unga wa makaa ukapigwapigwa juu yake. Ndiyo sababu Rostam wa mji huu na Rostam wa mji ule wamekaa mkao uleule: violezo vilisafiri, na wachoraji walisafiri navyo. Burashi, waliyoiita kalamu ya nywele, ilitengenezwa kwa manyoya ya paka au ya kindi. Buluu ya thamani ilitoka kwenye jiwe la lazuli la Badakhshan, Afghanistan ya leo. Nyekundu ilitokana na madini ya zebaki. Kijani kimoja kilikuwa kutu ya shaba, nacho kina ubaya wake, hula karatasi taratibu mpaka itoboke. Fedha ilipakwa kwenye maji na visu, ikachakaa, na leo vijito vingi vya Uajemi kwenye makumbusho ni vyeusi.

Nyeupe ya zimwi letu je? Mara nyingi ni nyeupe ya risasi, ile metali. Rangi hiyo ni nzuri na inafunika vizuri, ila ikikutana na hewa yenye salfa inageuka kahawia, hatimaye nyeusi. Yaani kemia, ikiachwa ifanye itakalo, inaweza kumrudishia Ferdowsi zimwi lake.

Neno zimwi nalo linataka kufafanuliwa, kwa sababu nimelichagua mimi na lingeweza kubishaniwa. Div si jini wa Kurani, wala si Ibilisi. Asili yake ni ya kale zaidi. Katika lugha ya kale ya dini ya Zoroaster, iliyokuwako Iran kabla ya Uislamu, daeva ni viumbe waovu wa kukataliwa. Huko India neno hilohilo, deva, ni mungu. Wahenga wa Iran na wa India waliwahi kuwa na lugha moja na miungu ileile, wakaachana, na miungu ya upande mmoja ikawa mazimwi ya upande wa pili. Katika Shahnameh div ana mwili, anakula, analala, ana mfalme na jemadari, na hata ana elimu: ni mazimwi waliomfundisha mfalme Tahmuras kuandika baada ya kushindwa naye. Kwa hiyo bangili na mikufu ya dhahabu kwenye picha si mzaha wa mchoraji. Mazimwi hao ni watu wa nchi, wenye hadhi yao.

Ferdowsi mwenyewe alikwisha kutoa fasiri. Katika kisa kingine zimwi Akvan linamkuta Rostam usingizini, linamnyanyua pamoja na kipande cha ardhi alicholalia, kisha linamuuliza atupwe baharini au mlimani. Rostam anajua mazimwi hufanya kinyume, anaomba mlimani, linamtupa baharini, naye anaogelea na kuokoka. (Sungura wetu angeipenda hila hiyo.) Mwisho wa kisa mshairi anamgeukia msomaji na kumwambia: div mjue kuwa ni mtu mbaya, yule asiyemshukuru Mungu. Ukishasoma hivyo, pembe na mkia vinaanza kuonekana kama vazi.

Hata hivyo kuchora mazimwi hakukuanzia kwa Ferdowsi. Panjikent, mji wa kale wa Wasogdi, watu wa Asia ya Kati wenye lugha ya jamii ya Kiajemi, katika Tajikistan ya leo, wachimbuaji walikuta ukuta wa karne ya 8 wenye picha za Rostam akiwa juu ya farasi mwekundu, amevaa koti lenye madoa ya chui, akipigana na mazimwi. Leo ukuta huo uko katika makumbusho ya Hermitage, St. Petersburg. Ulichorwa zaidi ya miaka 200 kabla ya Shahnameh kukamilika. Kwa maneno mengine mchoraji hakuwa akimfuata mshairi siku zote. Wote wawili walirithi ngano moja kutoka kwa wasimulizi, kila mmoja akaiendeleza kwa njia yake. Nadhani hilo nalo linapunguza kosa la zimwi kuwa jeupe.

Msomaji wa pwani huenda anajiuliza: na Uislamu je? Picha za viumbe zilikuwaje na nafasi katika nchi ya Kiislamu? Zilikuwa nazo, lakini mahali maalumu. Hazikuwekwa msikitini wala kwenye msahafu. Zilikaa ndani ya vitabu vya mashairi, historia na tiba, vilivyofungwa na kutunzwa katika maktaba za watawala. Wapo wanazuoni waliozikemea, na ziko nakala ambazo baadaye msomaji fulani alikwaruza nyuso. Nyingine zimekwaruzwa uso wa zimwi peke yake, jambo ambalo huenda halikutokana na fatwa. Pengine ni mtu aliyekuwa upande wa Rostam.

Swali la nani alilipia kazi hii ndilo linaloeleza kwa nini vitabu vya picha vilishamiri lini na wapi. Nakala za zamani zaidi zenye picha zilizobaki ni za mwanzoni mwa karne ya 14, karibu miaka 300 baada ya Ferdowsi, na wakati huo Iran ilitawaliwa na Wamongolia. Mtawala mgeni anayetaka kukubalika hununua historia ya wenyeji na kujiweka mwishoni mwa orodha ya wafalme wake. Pamoja nao yakaja mawingu ya Kichina yanayojikunja na miti ya mafundo, ambayo utayaona hata juu ya pango la zimwi. Nasaba zilizofuata zikashika desturi hiyo. Huko Herat mwaka 1430 mwanamfalme Baysunghur aliagiza nakala ambayo sasa iko Jumba la Golestan, Tehran. Huko Tabriz, kuanzia miaka ya 1520, mafundi wa Shah Tahmasp, akiwemo Sultan Muhammad ambaye majabali yake yanaficha nyuso za watu na wanyama, walitengeneza kitabu chenye picha 258.

Kejeli ni kwamba wafalme hao walikuwa wakilipia kisa cha mfalme mpumbavu. Kay Kavus anaharibu, Rostam anatengeneza. Ndivyo ilivyo tena na tena. Labda kila mfalme alijiona Rostam.

Majina ya wafalme wa Shahnameh yamefika mbali kuliko picha zake. Jamshid, ambaye utenzi unasema ndiye aliyeanzisha Nowruz, sikukuu ya mwaka mpya, ndiye mwenye jina alilochukua sultani wa mwisho wa Zanzibar, Jamshid bin Abdullah. Na Nowruz yenyewe ndiyo Nairuzi yetu, Mwaka Kogwa wa Makunduchi.

Kitabu cha Tahmasp kilikutwa na mambo. Mwaka 1568 kilipelekwa zawadi kwa Sultani Selim II wa Uturuki. Karne ya 20 kikaingia mikononi mwa Mmarekani, Arthur Houghton, aliyekinunua mwaka 1959 na kukitenganisha kurasa. Picha 78 zikaenda Metropolitan Museum, New York, nyingine zikauzwa mojamoja. Mwaka 1994 kilichobaki, pamoja na picha 118, kilirudi Iran kwa kubadilishana na mchoro wa mwanamke uchi wa Willem de Kooning, mchoraji wa karne ya 20, ambao serikali ya Tehran isingeuonyesha. Mwaka 2022 ukurasa mmoja, wa Rostam akimrudisha Rakhsh, uliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 8. Ukurasa ulioachanishwa na mwenzake una hasara ambayo bei haiionyeshi: beti zake zinakatika katikati, na anayeutazama ukutani haoni mguu wa zimwi ulikatwaje, kwa sababu hilo liko upande wa pili wa karatasi, au New York.

Lakini Zimwi Jeupe halikubaki vitabuni. Shiraz, mji ambao wengi wa pwani yetu husema ni asili yao, ulikuwa na karakana zilizotengeneza Shahnameh za bei nafuu kidogo kwa ajili ya kuuza. Hapohapo Shiraz, juu ya lango la ngome ya Karim Khan ya karne ya 18, kuna vigae vya enzi ya Qajar, nasaba iliyotawala Iran katika karne ya 19, vyenye Rostam akiliua Zimwi Jeupe, wazi barabarani kwa kila mpita njia. Na kwenye mikahawa wasimulizi waitwao naqqal walitundika turubai kubwa zilizochorwa visa hivyo, wakasimama mbele yake na fimbo.

Msimulizi akifika pangoni, sauti hushuka. Rostam anajiambia moyoni: nikitoka hai leo, sitakufa kamwe. Kisha Ferdowsi anafanya jambo ambalo watunzi wachache wangelifanya, anaingia moyoni mwa adui. Zimwi nalo linajiambia kwamba limekata tamaa na roho yake tamu. Wachoraji wazuri waliusikia mshororo huo; ndiyo maana katika baadhi ya picha macho ya zimwi ni ya mtu mzima anayejua kinachomjia, na uso wa Rostam ndio usioonyesha kitu. Msimulizi anasema uso wa rangi ya shabah, fimbo yake inagusa kifua cheupe kwenye turubai, na mikahawani hakuna anayemkatiza.